BSA yenye chapa ya WM20 na kadi inayosema cc 591: hii injini ni ipi hasa?

Mpanda BSA (Leicester)

Ndugu zangu wapenzi wa vyuma vya zamani, nawasalimu nyote, na wazee nawapa shikamoo.

Nilinunua hapa Uingereza pikipiki kuukuu ya BSA kutoka kwa familia ya mzee aliyefariki, nayo ilikuwa imelala bandani miaka mingi chini ya turubai. Ni ya silinda moja, yenye gia nne za kubadilisha kwa mguu, na giaboksi yake imefungwa peke yake nyuma ya injini. Mbele haina shokapu za mabomba kama tulivyozoea, bali ina mikono ya vyuma na springi moja kubwa mbele ya shingo ya usukani. Nyuma haina springi ya aina yoyote isipokuwa zile mbili zilizo chini ya kiti.

Kinachonitatiza ni injini. Upande wa kushoto, chini kidogo ya kitako cha silinda, nilisugua uchafu kwa mafuta ya taa na brashi laini, kisha nikapaka chaki nyeupe na kuifuta juu juu ili ibaki kwenye mashimo ya chapa, na hapo yakajitokeza maandishi WM20 yakifuatiwa na tarakimu tano. Chesisi nayo imepigwa WM20, ila tarakimu zake hazifanani hata kidogo na za injini. Kadi ya usajili, ambayo hapa huitwa V5C, inasema ujazo ni cc 591. Mtoto wa marehemu alinihakikishia kwamba ni pikipiki ya jeshi ya "mia tano". Nilipompigia simu muuza vipuri, aliniuliza jambo moja tu, kwamba je, ni M20 au M21, nami sikuwa na la kumjibu.

Ninataka kuifungua na kuifanyia matengenezo makubwa, kwa hiyo nitahitaji ringi, gasketi, na pengine konrodi na beringi zake. Naomba mnisaidie kujua injini hii ni ipi hasa, kama kuna namna ya kuitambua bila kuifungua yote, na kama kutofautiana kwa namba ya injini na namba ya chesisi ni dalili kwamba nimeuziwa pikipiki ya kuungaunga.

Fundi Mstaafu (Tanga)

Marahaba, kijana wangu. Nilipoanza kazi ya spana, vyuma vya BSA bado vilikuwa vikipita mikononi mwetu, kwa hiyo nitajaribu kukueleza kwa mpangilio, nikianza na lile la mwisho ambalo naona ndilo lililokutia wasiwasi zaidi.

Kwa BSA ya miaka hiyo, namba ya injini kutofautiana na namba ya chesisi ni jambo la kawaida kabisa. Kiwanda cha Small Heath, Birmingham, kilihesabu injini kwa mkondo wake na chesisi kwa mkondo wake, na siku ya kuziunganisha hakuna aliyejali kama tarakimu zinalingana. Kilichotakiwa kuandikwa ni kwamba injini namba hii imekwenda na chesisi namba hii. Watu huchanganyikiwa kwa sababu wamezoea Triumph za miaka ya 1960, ambazo namba ya injini na ya chesisi zinatakiwa kuwa moja, na zikitofautiana mnunuzi ana haki ya kushtuka. Sheria ya nyumba moja usiipeleke nyumba nyingine.

Sasa chapa yenyewe. Herufi ya mwanzo inakupa kipindi. M20 iliyobuniwa na mhandisi Val Page iliingia sokoni kwa msimu wa 1937 ikiwa na herufi H, kwa hiyo utaona HM20. Ya 1938 ni JM20, na ya 1939 ni KM20. Vita vilipokuja, BSA ikaanza kutumia W, na WM20 ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote, zaidi ya 120,000, ikawa mojawapo ya pikipiki zilizobeba matarishi wa jeshi la Uingereza kila lilikokwenda. Baada ya vita utakuta XM20, kisha YM20, kisha ZM20. Kwa hiyo kasha la injini yako ni la wakati wa vita, na chesisi nayo ni ya wakati wa vita. Hata hiyo springi moja ya mbele inakubaliana na habari hiyo.

Lakini soma kwa uangalifu nilichoandika: nimesema kasha. Namba imepigwa kwenye kasha la krenki, na kasha hilo ni nyumba tu. Chapa haikuambii aliyelala ndani ni nani, hasa kwa chombo cha jeshi, kwa maana karakana za jeshi zilikuwa zikipokea injini zilizochoka, zinazifungua, zinachukua kilicho kizima kutoka hii na ile, na kuzirudisha barabarani. Baada ya hapo pikipiki hizi ziliuzwa kwa raia kwa bei rahisi, na kila raia akafanya lake.

Kadi nayo usiiamini moja kwa moja. Kabla ya usajili kukusanywa kwenye ofisi moja ya taifa, Swansea, magari na pikipiki zilisajiliwa na halmashauri za mikoa, na karani aliandika alichoambiwa na mwenye chombo. Cc 591 ni ujazo wa M21, dada mkubwa wa M20. Huenda mwenye mali alibadilisha injini akatoa taarifa kwa uaminifu, na huenda karani alichanganya. Kwa hiyo una ushahidi wa aina mbili, na kila mmoja una tundu lake. Utabaki kwenye kupima.

Kiki Moja (Mombasa)

Naomba nami nichangie. Kwanza, ni vyema tusisahau kwamba BSA ilikuwa na injini nyingine ya "mia tano" ya silinda moja, nayo ni M33, yenye cc 499. Huenda huyo mtoto wa marehemu alikuwa anaizungumzia hiyo.

Pili, kuhusu kupima bila kufungua, mbona jambo ni jepesi? Sisi kwenye pikipiki za bodaboda hutoa plagi, tukaingiza kijiti kirefu au bisibisi nyembamba mpaka iguse pistoni, tukazungusha injini taratibu, na kuweka alama mahali kijiti kinapopanda mwisho na kinaposhuka mwisho. Umbali kati ya alama mbili ndio mwendo wa pistoni. Ukishakuwa na mwendo na kipenyo, hesabu inakupa ujazo. Jambo la nusu saa.

Binti Mhandisi (Coventry)

Nawasalimu wote. Shikamoo, Mzee wa Tanga.

Ndugu Kiki Moja, njia yako ni sahihi kwa injini za bodaboda, kwa kuwa vali zake zipo juu na plagi imeelekea kwenye pistoni. M20 na M21 ni injini za vali za pembeni. Vali zimesimama kando ya silinda, zikitazama juu, na chumba cha kuunguzia mafuta kimetandazwa kutoka juu ya pistoni kwenda juu ya vali. Katika mpangilio wa namna hiyo, tundu la plagi mara nyingi haliko wima juu ya pistoni. Kijiti huingia kimeinama, na kijiti kilichoinama hakipimi mwendo bali kinapima mshazari, na zaidi ya hayo kinaweza kukwama kati ya pistoni na kichwa wakati unazungusha, kikavunjika humo ndani. Kwa injini iliyokwisha kuishi zaidi ya miaka 75 sishauri mtu achukue hatari hiyo.

Kuhusu M33, hilo linaondoka kwa kutazama tu. M33 ina vali za juu, kwa hiyo ubavuni mwa silinda utaona mnara mmoja uliofunika pushrodi (vijiti virefu vya kusukuma vali) ukipanda mpaka kwenye kichwa, na juu ya kichwa kuna sanduku la roka, yaani vyuma vinavyobonyeza vali. Injini ya vali za pembeni haina mnara wala sanduku. Kichwa chake ni kama kifuniko kizito chenye mapezi, kimefungwa kwa bolti, na juu yake hakuna kitu isipokuwa plagi. Mpanda BSA, ikiwa juu ya injini yako ni tambarare namna hiyo, M33 tuisahau, na tusahau pia B33, BSA nyingine ya vali za juu, ambayo ina vipimo vilevile vya kipenyo cha milimita 85 na mwendo wa milimita 88.

Tunabaki na mbili, na hapa ndipo pana jambo la kuangaliwa sana. M20 na M21 zina kipenyo kimoja, milimita 82. Tofauti yao iko kwenye mwendo peke yake: M20 ni milimita 94, M21 ni milimita 112. Ndiyo maana mtu akikuambia "pima kipenyo nitakuambia ni ipi", mshukuru na uendelee na kazi yako. Kipenyo hakitakuambia lolote. Chukua nusu ya kipenyo kwa sentimita, yaani 4.1, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa 3.1416, unapata 52.8. Zidisha kwa 9.4 utapata cc 496. Zidisha kwa 11.2 utapata cc 591. Tofauti ya karibu cc 95 yote imetoka kwenye milimita 18 za mwendo.

Habari njema ni kwamba kufungua kichwa cha injini ya aina hii ni kazi ndogo kuliko unavyoiogopa. Ndani ya kichwa hakuna vali, hakuna mnyororo wa taimingi, hakuna chochote cha kuvuruga. Unatoa plagi, unalegeza bolti zote kidogo kidogo kwa kupokezana ili kichwa kisipinde, unakiinua. Gasketi ya zamani ikiwa ya shaba yenye kitu cheupe cha nyuzinyuzi katikati, ichukulie kuwa ni asbesto. Ilowanishe, usiikwangue ikiwa kavu, na usiipulize kwa upepo.

Kuna tahadhari ya spana. Nati na bolti za BSA hizi si za milimita. Utahitaji spana za Whitworth, ambazo zina mtindo wake wa kuchanganya watu, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye spana ni unene wa bolti, si upana wa kichwa chake. Spana iliyoandikwa robo inchi W ina mdomo wa inchi 0.525, sawa na milimita 13.3. Spana ya 13 haiingii, ya 14 inaingia na kuzunguka bure mpaka kona zote za nati zimelainika. Nimeona BSA nzuri zilizoharibiwa vichwa vya bolti zote kwa sababu mtu alikuwa na seti ya milimita na haraka.

Kichwa kikishatoka, laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa silinda, upite katikati ya tundu. Peleka pistoni juu kabisa, pima kwa mkia wa venia (kipimio cha taya chenye mkia wa kupimia kina) kutoka kwenye rula hadi kwenye uso wa pistoni, andika. Peleka chini kabisa, pima tena mahali palepale, andika. Ikiwa pistoni ikiwa juu inachomoza kupita uso wa silinda, hesabu kiasi hicho kama namba hasi. Toa kipimo cha kwanza kwenye cha pili. Pia safisha uso wa pistoni taratibu utafute namba iliyopigwa, kama 020 au 040. Ukiikuta, maana yake silinda iliwahi kutobolewa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kwa inchi 0.020 au 0.040, na hesabu yako ya ujazo itakuwa juu kidogo ya ile ya kiwandani. Usije ukapata 502 au 598 ukadhani umegundua injini isiyojulikana duniani.

Fundi Mstaafu (Tanga)

Marahaba, binti yangu. Umeeleza vizuri, na mimi ningeongeza jambo moja tu kabla hajafungua. Pikipiki hizi huweka oili kwenye tanki lake la pembeni, si chini ya injini, na ikilala muda mrefu oili hupenya pampu ikashuka taratibu na kujaa kwenye kasha la krenki. Kijana, kabla ya kuzungusha chochote, toa oili iliyokusanyika kule chini na uitazame kwenye chombo cheupe. Ukiona vumbi la chuma linalometameta, huna haja ya kujiuliza kama beringi za konrodi ni nzima.

Mpanda BSA (Leicester)

Nawashukuru sana, nyote wawili watatu. Nimeifanya kazi hiyo, na naleta matokeo.

Oili iliyotoka ilikuwa nyingi, nyeusi kama lami, na ndani yake kulikuwa na chembe chache za kung'aa. Hilo nimelipokea kwa unyonge. Juu ya injini ni tambarare, hakuna mnara wala sanduku la roka, kwa hiyo ni vali za pembeni bila shaka. Kichwa ni cha chuma cha kutupwa, kizito kweli. Bolti moja ilikataa, nikailowesha kwa mafuta ya kupenya na kuiacha usiku kucha, asubuhi ikakubali bila kukatika.

Nimepima mara kadhaa kwa namna aliyoeleza Binti Mhandisi. Nikitoa kipimo cha juu kwenye cha chini, napata kati ya milimita 111.8 na 112.1, kutegemea mkono wangu ulivyotulia. Uso wa pistoni una masizi magumu, lakini baada ya kuyalainisha nimekuta 020 waziwazi. Kipenyo cha silinda, nikipima sehemu ya juu kabisa ambako ringi hazifiki, ni milimita 82.5.

Kwa hiyo mwendo ni wa M21, kipenyo ni cha 82 kilichoongezwa inchi 0.020, na kasha ni la WM20. Nimefanya hesabu nikapata cc 599 hivi. Je, nimeelewa sawasawa? Na ikiwa ndivyo, hivi vitu viliwezaje kukaa pamoja? Je, ni kazi ya jeshi au ya marehemu?

Binti Mhandisi (Coventry)

Umeelewa sawasawa. Hesabu yangu inatoa 598.8, na ukilinganisha na 591 ya kiwandani, tofauti hiyo ndiyo ile inchi 0.020 ya pistoni. Ungekuwa na pistoni ya 040 ungepata kama 606. Katika kuzungumza na wauza vipuri sema tu kwamba una M21 ya kipenyo kilichoongezwa inchi 0.020, usiwatajie 599 kwa sababu watadhani ni chombo kingine.

Vitu hivyo vilikaaje pamoja? Kinachoamua mwendo ni umbali kutoka katikati ya krenki hadi katikati ya pini ya konrodi, nao ni nusu ya mwendo wote: milimita 47 kwa M20, milimita 56 kwa M21. Pini hiyo imefungwa kwenye flaiwili mbili, magurudumu mazito ya krenki, zilizomo ndani ya kasha. Kwa hiyo mtu hawezi kugeuza M20 kuwa M21 kwa kubadilisha silinda peke yake. Lazima amegawanya kasha na kuweka flaiwili za M21, na kwa kuwa pistoni sasa inapanda milimita 9 zaidi na kushuka milimita 9 zaidi, amelazimika pia kuweka silinda ya M21. Flaiwili na silinda huenda pamoja. Mageuzi haya yanafahamika sana miongoni mwa wenye BSA, maana kasha la M20 linazipokea sehemu hizo.

Nani alifanya, siwezi kumnyooshea mtu kidole, ila mantiki inaniegemeza kwa raia kuliko jeshi. Jeshi lilinunua M20 kwa wingi, na karakana zake zilikuwa na rafu za vipuri vya M20. M21 baada ya vita ilikuwa injini ya kazi ya kiraia, ya kuvuta kigari cha pembeni. Hata Automobile Association, chama cha wenye magari cha hapa Uingereza, kiliwapa watu wake wa doria M21 zenye vigari vilivyobeba vifaa vya kuwasaidia waliokwama barabarani. Iliendelea kutengenezwa hadi 1963, wakati M20 ilikuwa imekoma tangu 1955. Kwa hiyo kulikuwa na miaka mingi ambayo mtu mwenye M20 ya jeshi iliyochoka angeweza kupata sehemu za ndani za M21 kwa urahisi.

Angalia mabomba na vishikizo vya chesisi upande mmoja wa chini. Ukikuta alama za kukwaruzwa au mashimo ya bolti ambayo hayana kazi sasa, huenda nayo ilivuta kigari.

Mtunza Makabrasha (London)

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, nami kazi yangu ni karatasi, si spana, kwa hiyo nitasema upande huo.

La kwanza la kutambua ni kwamba kadi iliyotiliwa shaka tangu mwanzo imeonekana kusema kweli. Imeandikwa 591, na injini kwa kipimo chake cha kiwandani ni 591. Aliyefanya mageuzi alitoa taarifa. Kwa hiyo kuhusu ujazo huna la kubadilisha, na sikushauri uandike 599 kwa sababu ya kutobolewa upya, kwani hayo ni matengenezo ya kawaida. Unachopaswa kukagua ni namba ya injini iliyo kwenye kadi: linganisha tarakimu moja moja na zile za kwenye kasha. Ikiwa ni zilezile, mambo yako ni safi. Ikiwa hazifanani, andikia DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, ukiambatanisha ushahidi. Wanakubali stakabadhi ya injini, maandishi ya mtengenezaji, ripoti ya ukaguzi iliyofanywa kwa ajili ya bima, au, kama mabadiliko yalifanyika kabla hujanunua, barua ya gereji kwenye karatasi yenye jina lake. Kwa BSA kiwanda cha zamani hakipo tena cha kukuandikia, kwa hiyo wengi hutumia barua ya gereji.

La pili, usichanganye tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya kutengenezwa. Chombo cha jeshi hakikuwa na namba ya kiraia. Kilikuwa na namba ya jeshi iliyoanza na herufi C, ikipakwa rangi kwenye tanki. Kilipouzwa kwa raia ndipo kilipopewa namba ya kawaida. Kwa sababu hiyo utakuta WM20 nyingi ambazo kadi zao zinaanzia miaka ya mwisho ya 1940 ingawa zilitoka kiwandani mapema zaidi. Ukibandua rangi ya tanki, fanya hivyo kwa karatasi laini ya msasa na maji, tabaka kwa tabaka, usiitumbukize kwenye dawa ya kubandua rangi. Chini kabisa, juu ya rangi ya jeshi, huenda ukaikuta ile namba ya C, na ukishaiyeyusha hairudi.

Vitabu vya kiwanda vya BSA vipo, na vinatunzwa na Vintage Motor Cycle Club, chama cha wapenzi wa pikipiki za zamani. Kwa ada, watatafuta namba ya chesisi yako na kukupa cheti kinachoonyesha tarehe. Wapelekee nakala iliyosuguliwa kwa penseli juu ya karatasi nyembamba, pamoja na picha. Na tafadhali, namba kamili usiziweke hadharani hapa wala kwingineko, kwa maana wapo wanaotafuta namba safi za kuzipiga kwenye vyuma vyao.

Kiki Moja (Mombasa)

Nimekubali kuhusu kijiti. Ila nina swali kwa wazee: kwa kuwa sasa imejulikana kwamba ni mchanganyiko, je, si heri airudishe kuwa M20 kamili ya cc 496, ili chapa na kilicho ndani vikubaliane? Wanunuzi wa vyombo vya zamani hupenda kitu asilia.

Fundi Mstaafu (Tanga)

Kijana wa Mombasa, mimi singefanya hivyo. M20 ilitoa nguvu za farasi 13 hivi, M21 kama 15, na uzito wa pikipiki ni uleule. Nguvu hizo mbili huzioni kwenye tambarare, lakini mlimani, ukiwa umepakia mtu, unazihisi kwenye gia ya tatu. Tena huyu bwana atalazimika kununua flaiwili, silinda na pengine pistoni, atupe kando vitu vyenye kadi halali, ili apate injini dhaifu zaidi inayopingana na kadi yake mwenyewe. Kama angekuwa anaiandaa kwa maonyesho ya vyombo vya jeshi ningemwelewa. Kwa mtu wa kuendesha, aiache.

Sasa, Mpanda BSA, turudi kwenye zile chembe za kung'aa. Kasha utaligawanya tu, hakuna njia nyingine. Kabla hujaligawanya, tazama chini yake, mahali vipande viwili vinapokutana, utafute namba ndogo zilizopigwa kila upande. Vipande vya kasha vilitobolewa vikiwa jozi, na mara nyingi vilipigwa alama ya jozi. Zikifanana, mashimo ya beringi yamenyooka kama kiwanda kilivyotaka. Zikiwa tofauti, mtu aliunganisha nusu ya injini hii na nusu ya ile, na hapo utampelekea mtu mwenye mashine ya kupima kama beringi za pande mbili zimekaa kwenye mstari mmoja, kabla hujatumia hata senti moja kwenye konrodi.

Vilevile usiagize kitu chochote cha chini kwa kutaja chapa. Ukimwambia muuzaji "WM20" atakupa vya M20, naye hatakuwa na kosa. Mwambie: kasha la WM20, flaiwili na silinda za M21, mwendo 112, pistoni ya 020. Gasketi ya chini ya silinda na ya kichwa, mpelekee ya zamani au mchoro wake kwenye karatasi. Ringi zisiagizwe mpaka silinda ipimwe kwa mtoboaji, fundi wa kutoboa silinda upya, juu, katikati na chini, kwa sababu ikiwa imelika kupita kiasi utatoboa hadi 040, na ringi za 020 zitakuwa pambo la kabatini.

Mpanda BSA (Leicester)

Nimetazama chini ya kasha kwa kioo kidogo na tochi. Namba ndogo zipo pande zote mbili na zinafanana. Namba ya injini kwenye kadi nayo ni ileile iliyo kwenye kasha, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye bomba la chini la chesisi, upande wa kushoto, kuna duara la chuma lililolika rangi, upana wa vidole viwili, kama kitu kilibanwa hapo kwa muda mrefu.

Silinda naipeleka kwa mtoboaji, na vipuri vingine vitasubiri kipimo chake. Kwa muuzaji nimeandika maneno yaleyale ya Mzee, na safari hii hakuniuliza swali la pili.

Binti Mhandisi (Coventry)

Hiyo alama ya kushoto ndiyo mahali pa kibano cha kigari, kwa kuwa Waingereza huendesha kushoto na kigari hukaa upande wa ukingo wa barabara. Hesabu meno ya sproketi ya injini kabla hujaifunga tena. Aliyevuta kigari kwa kawaida aliweka ndogo kuliko ya pikipiki ya peke yake, na ukiiacha hiyo, injini itazunguka kwa kasi kubwa kuliko inavyohitajika kila ukiwa barabara kuu.